Mdogo wangu ni kiziwi na sasa macho yanafifia: tuanzeje kuongea kwa mguso?

SWALI

“Habari za kazi, mtaalamu. Naandika kutoka Ujiji, Kigoma. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26 na ni kiziwi tangu kuzaliwa. Alisoma shule ya viziwi Tabora, nami nikajifunza lugha ya alama kwake kila alipokuja likizo. Sasa anashona nyavu za dagaa Kibirizi. Mwaka wa tatu huu, giza likiingia haoni kitu, na mchana anajikwaa kwenye ndoo na watoto walio pembeni yake. Jioni hatuelewani, tunaishia kununiana. Mama ameishia darasa la saba na hajui alama. Akimtaka humvuta mkono tu. Nimesikia kuna lugha ya alama ya kushikana mikono. Inajifunzwaje? Wajomba wanasema tusubiri kwanza apofuke kabisa ndipo tuhangaike nayo.”

JIBU

Msisubiri, dada. Anzeni jioni ya leo, kwenye giza hilohilo linalowanunisha. Mtu anayejifunza kusoma alama kwa mikono huku mchana bado anaona ana msahihishaji wake: usiku amepapasa alama akaielewa nusu, asubuhi anaiangalia mkononi mwako na kujua alikosea wapi. Akingoja giza kamili, msahihishaji huyo atakuwa ameshaondoka, na atajifunza akiwa na uchungu wa kupoteza macho. Wajomba wasikilizwe kwa heshima, lakini kwenye hili wamekosea.

Kazi kubwa mmeshaifanya bila kujua. Alama za mguso anazozihitaji ni Lugha ya Alama Tanzania ileile aliyotoka nayo Tabora, kwenye shule iliyoanza 1963, ya kwanza ya viziwi hapa nchini. Msamiati ni uleule, na hata zile alama za kishule ambazo kiziwi wa Dar es Salaam angeziuliza mara mbili zibaki kama zilivyo. Kinachobadilika ni mlango: maneno yaliyokuwa yakiingilia machoni sasa yataingilia viganjani. Ila mlango huo una upana wake na kizingiti chake, na familia nyingi hukwama hapo kwa kudhani kuwa kushikana mikono kunatosha.

Kabla ya mikono, neno moja kuhusu macho. Kuzaliwa kiziwi, kisha giza kuwa la kwanza kumshinda, kisha pembeni kufunga mpaka mtu anaona kama anayechungulia kwenye bomba: hali hiyo inafanana sana na sindromu ya Usher. Humo retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huharibika polepole. Muulize mama kama alichelewa kutembea, akapita mwaka na nusu bado anatambaa. Aina ya kwanza ya Usher huathiri pia sehemu ya ndani ya sikio inayoshika mizani ya mwili. Ndiyo maana wengi wao wakitembea gizani huyumba, na mtaani husingiziwa ulevi. Hata hivyo mimi nasoma barua tu, kupima ni kwa daktari. Mpelekeni hospitali ya Maweni hapo Kigoma aonwe na mtaalamu wa macho, kwani wenye ugonjwa huu wa retina mara nyingi hupata pia mtoto wa jicho, na huo hufanyiwa upasuaji ukarudisha sehemu ya nuru. Retina yenyewe ikishaharibika kwa Usher haina matone wala mizizi ya kuirudisha. Atakayewauzia hayo anachukua nauli yenu ya kwenda hospitali.

Na kama kuna minong’ono nyumbani, iishie hapa: hali hii hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja, kila mmoja akiwa amebeba kinasaba hicho bila kuumwa na bila kujua, na kila mimba huwa na nafasi moja kati ya nne ya kuipata. Hakuna aliyemroga, wala mama hakukosea chochote alipokuwa mjamzito.

Kukaa na kushika

Kaeni mkitazamana kwenye viti vya kimo kimoja, karibu kiasi kwamba viwiko vyake vimekunjwa na viko jirani na mbavu. Magoti yapishane, lako moja likae katikati ya yake mawili. Kama hilo halifai, kaeni kwenye kona ya meza, yeye upande huu na wewe upande wa pili. Akilazimika kunyoosha mikono kukufikia, mabega yatawaka moto ndani ya dakika kumi na atakwambia amechoka na maneno, kumbe amechoka mabega. Mto mdogo chini ya viwiko vyake unasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Anayesema mikono yake iko chini. Anayesikiliza mikono yake iko juu. Viganja vyake vikae juu ya migongo ya mikono yako, vidole vimejikunja kidogo kufuata vyako, gumba limelegea. Uzito uwe ule anaoutumia kukagua fundo la wavu bila kulivuta. Mkono wako ukiondoka kwenda kifuani au kidevuni kufanya alama, wake unausindikiza. Ukirudi, unarudi nao. Alama zinazofanyika juu kwenye paji la uso au karibu na jicho zishushe hadi usawa wa shavu au kidevu, maana mkono wake ukipanda juu sana unapoteza umbo la vidole vyako, na kuna hatari ya kuchomana macho.

Kosa kubwa kuliko yote, na hufanywa na wenye upendo mwingi, ni kumkamata mikono na kuifinyanga iwe alama. Hebu fikiri mtu akushike taya na kuichezesha ili useme. Mikono yake ndiyo inayosikia na ndiyo inayosema, kwa hiyo ikikamatwa amezibwa masikio na mdomo kwa wakati mmoja. Mikono iliyozoea kukamatwa hukakamaa, na mkono uliokakamaa hausomi. Ukitaka kuanza maneno, ingiza mikono yako chini ya yake taratibu na usubiri. Akiiacha hapo, amekubali. Akiiondoa, hataki kwa sasa, na hiyo ni haki yake kama wewe unavyoweza kugeuza uso.

Je, asikilize kwa mikono miwili au mmoja? Waliozoea wengi husikiliza kwa mmoja ili wapumzishe mwingine. Mwanzoni atumie miwili, kwa sababu alama nyingi zina mkono unaotulia na mkono unaotembea, na anayeshika mmoja hupata nusu ya neno. Zamu ya kusema ikibadilika, mikono nayo hubadilishana: yake inapita chini, yako inapanda juu. Mchana wewe unaweza kumwangalia tu. Usiku hata wewe utamsoma kwa mkono, na hapo ndipo utakapoelewa kazi anayofanya. Lijaribuni hilo mapema, wewe ukiwa umefumba macho.

Kuhusu mwendo, punguza lakini usikatekate. Alama iliyofanywa polepole mno hupoteza mdundo wake na haitambuliki. Rudia panapohitajika bila kukunja uso, ambao hata hivyo hauonekani, na bila kuikaza mikono, ambayo inasikika sana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 uliwapima viziwi wasioona 10 wenye uzoefu wa miaka: alama moja moja walizipata kwa wastani wa asilimia 87, lakini kwenye sentensi walipata kati ya asilimia 60 na 85 ya alama muhimu. Hao walikuwa wazoefu. Basi mdogo wako akikuomba urudie mara ya tatu, hajawa mzito. Hicho ndicho kipimo cha njia yenyewe.

Uso uliopotea

Hapa ndipo ugomvi wenu wa jioni unapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika lugha ya alama sehemu kubwa ya sarufi iko usoni. Nyusi zikipanda, sentensi inakuwa swali. Kichwa kikitikiswa, inakuwa kanusho. Mashavu yakijazwa, kitu kinakuwa kikubwa. Vyote hivyo havifiki mkononi. Chukua sentensi ya alama tatu: MAMA, SOKO, KWENDA, nyusi zako zikiwa juu. Wewe umeuliza, “Mama amekwenda sokoni?” Mikono yake imepokea taarifa: mama amekwenda sokoni. Anatulia, kwa kuwa taarifa haidai jibu. Wewe unaona umepuuzwa, unarudia kwa nguvu zaidi, yeye anashangaa kwa nini unamgombeza kwa habari aliyokwisha kuipata.

Dawa yake ni kuihamisha nyusi iwe mkononi. Maliza swali kwa alama ya kuuliza, au chora kiulizi kwa kidole kiganjani mwake, kisha acha mikono imesimama palepale, bila kushuka, mpaka ajibu. Mikono iliyosimama ikingoja inasomeka kama jicho linalongoja. Maswali ya nani, wapi, lini na kwa nini hayana shida kubwa kwa sababu yana alama zake. Balaa liko kwenye maswali ya ndiyo au hapana.

Kanusho ni la hatari zaidi. DAWA, KUNYWA, na kichwa kikatikiswa: macho yalisoma “usinywe dawa,” mkono umesoma “kunywa dawa.” Tangu leo mkubaliane nyumbani kwamba hakuna kanusho la kichwa peke yake. Kila “hapana,” “si” na “bado” litamkwe kwa alama ya mkono, na kwenye mambo ya dawa, fedha na moto mwombe akurudishie alichoelewa. Akikurudishia maneno yake mwenyewe, mmeelewana. Akiitikia tu, hamjui kama mmeelewana.

Na kuna kuonyesha kwa kidole. Ulizoea kumweka shangazi kulia hewani na baba mdogo kushoto, kisha ukawa unaelekeza tu. Kwa mguso, kidole kinachoelekea hewani kinapotea kirahisi. Taja jina la alama la mtu tena na tena, hata ikionekana unajirudia. Mahali napo paweke kwenye mwili wake, baada ya kumwomba ruhusa: mkono wake wa chini, kuanzia kiwiko hadi kiganjani, unaweza kuwa barabara ya kutoka mjini kwenda Ujiji. Kiwiko ni stesheni ya Kigoma, katikati ni Mwanga, kiganja ni nyumbani kwenu. Mguse hapo ulipokutana na rafiki yake, naye hatasahau. Kiganja kilichofunguliwa kinaweza kuwa chumba kigeni: gumba ni mlango, vidole ni ukuta wa mbele, wewe na yeye mko katikati.

Halafu kuitikia. Anapokueleza jambo, zamani alikuwa anaona unatikisa kichwa, unacheka, unashangaa. Sasa anaongea kama mtu aliyepiga simu upande wa pili ukanyamaza. Weka mkono wako mmoja juu ya goti lake au mkono wake wa juu, umpige vipigo viwili vyepesi unapomfuata, ukwaruze kwa vidole unapocheka, ubonyeze na kutulia unaposhangaa. Mwaka 2007 viziwi wasioona wa mji wa Seattle nchini Marekani, wakiongozwa na wenzao Jelica Nuccio na aj granda, walianza kujenga namna nzima ya kuongea juu ya msingi huu, wasitegemee tena mkalimani anayeona katikati yao. Ufini na Norwei nako kuna mifumo ya ishara fupi za mgongoni na begani za kueleza nani ameingia, nani anacheka, chumba kimenyamaza. Si lazima mziige zilivyo. Mkubaliane zenu tano au sita, na kila mtu wa nyumbani azijue zilezile.

Herufi za vidole

Alfabeti ya mkono mmoja aliyojifunza shuleni inasomeka kwa mguso, ila herufi A, E, M, N, S na T zote ni ngumi. Zinatofautiana mahali gumba lilipolala na vidole vilivyolifunika, na gumba liko upande wa ndani, wakati kiganja chake kiko mgongoni mwa mkono wako. Jina kama Asma ni ngumi nne mfululizo. Atapapasa hapohapo asijue neno limeanzia wapi. Kwa hiyo unapotahajia mwache abadilishe mshiko: ateremshe mkono, auzungushie wako kutoka mbele kama aliyeshika yai, ncha za vidole zifike kwenye gumba lako. U, V na R nazo ni vidole viwili, vilivyoshikana, vilivyoachana na vilivyopishana. Zitulize kidogo zaidi kabla ya kwenda herufi inayofuata. Usirushe mkono hewani kila herufi. Uwe palepale, vidole tu vibadilike.

Sasa mama. Asiambiwe ajifunze alama mia mbili wiki hii, atakata tamaa. Ameishia darasa la saba, basi anaandika, na anayeandika anaweza kuongea na mwanawe usiku wa leo. Akae ubavuni mwake, wote wakielekea upande mmoja ili herufi zisimwendee mwanawe kichwa chini. Akishike kiganja chake cha kushoto kikiwa wazi, aandike kwa ncha ya kidole cha shahada, herufi kubwa za kuchapa, moja juu ya nyingine mahali palepale, kila moja ikijaza kiganja. Kati ya neno na neno apumzishe kiganja chake juu ya cha mwanawe mara moja. Akikosea, apanguse kiganja kama anayefuta ubao na kuanza neno upya.

Kiswahili chetu kina maneno marefu, na hilo linachosha kiganja. “Tutakwenda hospitalini kesho asubuhi” ni herufi zaidi ya thelathini. KESHO ASUBUHI MAWENI yanatosha, tena kwa mtu aliyelelewa na lugha ya alama mpangilio huo si mgeni hata kidogo. Mama apunguze viambishi, abakize mizizi na majina. Kisha kila siku aongeze alama moja ya mguso kwa kitu anachokitaja mara nyingi: chai, kula, kuoga, nani kaja. Kwa mwezi atakuwa na thelathini, na jina lake la alama, ambalo mwanawe amekuwa nalo miaka yote bila yeye kulijua. Mwombe mdogo wako amwonyeshe mama jina hilo kwa mkono. Japani kuna mama aliyemtangulia: mwaka 1981 kijana wake, Satoshi Fukushima, aliyekuwa haoni, alipoteza na masikio akiwa na miaka 18, na mama huyo akaanza kumgongea nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona, juu ya vidole vyake kana kwamba vidole ndivyo vitufe vya mashine. Njia hiyo inatumika huko hadi leo, na kijana yule akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Tokyo.

Kumwita kwa kumvuta mkono kuishe. Mama amkaribie kutoka upande, aweke kiganja kizima juu ya bega au mkono wa juu, akitulize hapo sekunde moja au mbili bila kupiga, kisha akishushe hadi mkononi huku akimpa jina lake la alama. Mkono usiinuliwe kati ya bega na kiganja. Akiachwa hewani anaanza upya kutafuta nani amemgusa. Na kila anayeondoka aage. Hakuna fedheha kama kumaliza habari ndefu na kugundua uliyekuwa ukimweleza aliondoka zamani.

Nyumbani kwenu mikono ina kazi nyingine pia. Aliyetoka kukata pilipili anawe kwa sabuni kabla ya kuongea naye, kwa kuwa mkono wake utapita machoni baadaye. Aliyeshika mawese vilevile, vidole vikiteleza herufi hazishikiki. Kucha ziwe fupi, pete na bangili ziwekwe kando. Mwenye kidonda mkononi au mafua makali aseme, wapumzike.

Mchana, wakati bado kuna macho

Kwa kuwa kwenye mwanga bado anaona sehemu ya katikati, usimsogelee. Wengi hukosea hapa: wakiambiwa haoni vizuri, husogea na kupanua alama. Anayechungulia kwenye bomba akisogelewa huona kidevu tu. Rudi nyuma mita moja na nusu hadi mbili, fanya alama ndogo, zote kati ya kidevu na kifua. Mwanga ukuangukie wewe, usikae na dirisha mgongoni. Vaa nguo ya rangi moja inayopishana na rangi ya mikono yako. Kanga yenye maua humeza vidole vyote. Akianza kukushika kifundo cha mkono huku anakuangalia, usikitoe. Anaifuata mikono yako isimponyoke nje ya bomba, na ni daraja la kawaida kabisa kati ya macho na mguso. Kutakuwa na miezi au miaka atakayotumia vyote: mchana macho, magharibi kushika kifundo, usiku mikono mizima. Mwache yeye aamue saa ya kuvuka.

Kwenye kikao cha familia au hospitali, mtu mmoja tu asiwe mkalimani muda wote. Kila baada ya dakika 15 hadi 20 mpokezane, kwa sababu baada ya hapo anayetafsiri anaanza kumeza maneno bila kujua. Anayetafsiri aeleze pia nani anasema na nani kaingia, na daktari akisema “mwambie,” mwombeni amwulize mgonjwa mwenyewe. Kitabu cha kuwaunga mkono kipo: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja mawasiliano ya mguso waziwazi katika Ibara ya 2, na nchini kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu aandikishwe kama kiziwi asiyeona. Mara nyingi huandikwa kiziwi tu, na mahitaji ya mguso yakasahauliwa.

Ujiji ni mji wenye adabu zake za kugusana, na ni vizuri kulizungumza wazi kabla halijaleta soni. Kwa dada, mama na ndugu wa karibu mkao wa magoti hauna neno. Kwa wanawake wengine, meza iwe katikati na viganja tu ndivyo vikutane, au apatikane mwanamume wa kumtafsiria. Vijana wawili wanaoshona naye nyavu ndio wanafunzi bora mnaoweza kuwapata: wako naye mchana kutwa, mikono yao inafanya kazi ileile, na jioni watamsindikiza. Anapowashika wao, ashike mkono wao juu kidogo ya kiwiko akitembea nusu hatua nyuma. Wasimsukume kutoka nyuma. Na kama mizani ya mwili inamyumbisha, fimbo nyeupe aianze sasa, mchana, kwenye njia anayoijua.

Jambo la mwisho mlifanye kabla hata ya somo la kwanza, nalo ni alama ya hatari. Mahali pengi viziwi wasioona hutumia X kubwa inayochorwa kwa kidole au kiganja mgongoni, kutoka bega hadi kiunoni. Maana yake: hatari, nifuate sasa hivi bila kuuliza, maelezo baadaye. Moto, gari, boti linalozama, hakuna muda wa kutahajia. Fundisheni watu wa nyumbani, majirani wa pande zote mbili na wale vijana wa Kibirizi. Isitumike kwa utani hata mara moja, wala kumharakisha kwenda kula. Na mkishafika mahali salama, kabla hamjahema, mpe mikono yako mwambie kilichotokea.